Gemu Jipya Lilivyotufutia Barabara ya Mtera

Mimi si mtu wa gemu. Niseme hilo mapema, asije akatokea mjukuu wa mtu akaniuliza nimefika levo ya ngapi. Mimi ni dereva wa basi. Nilitoka shule darasa la nne kule Gulwe, nikaanza kwa kuosha magari, nikawa utingo, nikajifunza kuendesha kwa kutazama miguu ya dereva aliyekuwa ananitukana, na kwa usukani huohuo nimejenga nyumba Area D. Nyumba ya tofali za kuchoma, yenye vyumba vya wapangaji upande wa nyuma. Hakuna mtu aliyenichangia hata msumari. Nimeacha kazi kwa sababu ya macho tu. Miguu na mikono bado ni ya dereva.

Ninayetaka kumwandika hapa ni konda wangu.

Tulifanya kazi njia ya Dodoma na Iringa miaka mingi, tangu barabara ya Mtera ikiwa vumbi tupu na mashimo ya kumeza mbuzi, mpaka ikawekwa lami. Mabasi yalibadilika, matajiri walibadilika, sisi hatukubadilika. Mimi mbele, yeye mlangoni. Na sheria yetu ilikuwa moja. Akigonga bodi mara moja, nasimama. Akigonga mara mbili, naondoka. Bila kugongewa siondoki hata njia ikiwa nyeupe. Nikigongewa siulizi. Dereva anayegeuka nyuma kuuliza "umesema twende?" huyo siku moja atamwacha mama wa watu na mguu mmoja hewani. Mkono wa konda unagonga, mguu wangu unakanyaga, katikati hapo hakuna mazungumzo.

Kiharusi kilimkuta nyumbani kwa binti yake, Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, akiwa anavaa viatu. Upande wa kulia wote ukafa. Ulimi nao ukaenda. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa inasikika stendi nzima, aliyekuwa anaweza kumshawishi abiria wa Singida apande gari la Iringa, akabaki na neno moja tu: "hapana." Ukimpa uji, hapana. Ukimsalimia, hapana. Hapana nyingine zilikuwa ndiyo, unazijua kwa macho.

Binti yake ni fundi cherehani, anashona sare za shule barazani. Kilichokuwa kinamuuma si kumwosha baba wala kumgeuza. Alikuwa ananiambia, "Baba mdogo, hanitaji jina. Najua ananijua. Lakini jina langu amelipoteza, na alilichagua mwenyewe." Hospitali walimwambia maneno yanaweza kurudi, mtu akiwa anayatumia. Atayatumiaje, hawakusema. Nami nilikuwa nakwenda kila alasiri kukaa naye, namsimulia habari za stendi, ananitazama, hapana, hapana, narudi nyumbani.

Sasa huku kwangu nina mpangaji, kijana wa wizarani, alihamia Dodoma wizara zilipohamia. Mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Siku moja jioni napita uani nikasikia honi ya basi inatoka chumbani kwake. Si honi ya simu. Honi ile ya upepo, ya njia ndefu. Nikagonga mlango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Basi umeliingizaje humu?"

"Basi gani?"

"Hilo linalopiga honi kwenye chumba changu."

"Chumba ni changu mpaka mwisho wa mwezi, mzee," akacheka, akanikaribisha.

Ndipo nikaona. Gemu la kuendesha mabasi, limetengenezwa na kampuni kubwa ya Ulaya. Humo ndani kulikuwa na miji yao na barabara zao za mvua. Lakini mpangaji wangu hakuwa Ulaya. Alikuwa anashuka mteremko wa Fufu. Nilijua ni Fufu kabla hajasema, nikashika ukuta.

Akanieleza. Kampuni inauza gemu, lakini wachezaji wenyewe wanaweza kutengeneza vitu vyao na kuviingiza: mabasi ya kwao, honi za kwao, njia za kwao. Wanaita modi. Yeye na wenzake, mmoja yuko Iringa, mwingine Morogoro, mwingine hamjui hata sura, walikuwa wameijenga barabara nzima kutoka Dodoma, kila usiku baada ya kazi, bila mtu kuwalipa.

"Mnafanya bure?"

"Bure, mzee."

"Na kampuni inafaidi?"

"Inafaidi."

Nikamwambia ni wajinga. Halafu nikamwambia anipishe kiti.

Wameweka kila kitu. Mlowa Barabarani na vibanda vyake. Mbuzi wanaovuka bila haraka. Lori limeharibika, na matawi ya miti yamelazwa barabarani kabla ya kulifikia, kama tunavyofanya sisi kumwonya anayekuja. Wameweka hata trafiki amejificha na tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mti, na gari linalotoka mbele linakuwashia taa kukushtua. Nikabishana naye juu ya kona moja upande wa Chipogoro. Nikamwambia imekosekana, nilipinda pale maisha yangu yote. Akasema haipo. Nikapanda basi kwenda kuitazama. Kweli haipo, walipoweka lami waliinyoosha. Nilirudi nikaomba kiti tena, na yeye kwa adabu hakuniuliza.

Wazo likanijia hapo. Nikanunua kompyuta iliyotumika, akaniwekea gemu na ile barabara, akaniazima usukani wake wa plastiki na kidude cha intaneti, maana gemu halifunguki bila intaneti. Nikavipakia kwenye bajaji mpaka Chang'ombe. Binti aliponiona nashusha usukani akaacha kushona.

"Baba mdogo, umerudi utoto?"

"Nyamaza uone."

Nikaweka kompyuta kwenye meza mbele ya kitanda. Nikawasha basi. Injini ikaunguruma. Konda wangu akageuza kichwa. Mkono wa kushoto, ule mzima, ukatambaa ukashika chuma cha kitanda. Nikakaa na usukani wangu wa plastiki, nikasubiri. Akagonga. Mara mbili.

Nikaondoka. Machozi yalikuwa yananisumbua kwenye haya macho mabovu, nikaendesha hivyohivyo.

Siku ile hakusema kitu. Wala iliyofuata. Alikuwa anagonga tu, mara moja nasimama, mara mbili naondoka. Halafu alasiri moja tumeshuka, maji ya bwawa yanaonekana kule mbele, yanang'aa, na konda wangu akafungua mdomo akasema, kwa sauti iliyopinda lakini ileile ya stendi:

"Mtera. Mtera kushuka."

Cherehani ikanyamaza barazani. Binti akaja mbio na kitambaa mkononi, sindano bado inaning'inia.

"Amesema nini?"

"Kuna abiria anashuka Mtera," nikamwambia. "Usitusumbue."

Baada ya Mtera likaja Fufu. Likaja Mlowa. Likaja Migoli, akalisema huku anacheka upande mmoja wa mdomo, kwa sababu Migoli kuna mama aliwahi kumkimbiza na mwiko, habari ndefu. Kila jina alilipata pale pale mahali pake, tukiwa tunaliona. Ukimwuliza bila gari, hapana. Ukimfikisha, analo. Na yakaanza kuja maneno ya pembeni: "songa", "chenji", "mtoto apakatwe". Alimwambia mganga wa jirani aliyekuja kumjulia hali, "Simama nyuma huko," na mganga akasimama nyuma.

Binti akaanza kuhesabu vituo. Kulikuwa kumebaki Izazi, na mlima wa Nyang'oro, na Iringa yenyewe. Akaniambia akinisindikiza kwenye bajaji, "Baba mdogo, akifika Iringa, labda na mimi atanifikia." Mimi si daktari. Lakini niliendesha kwa makini kuliko nilivyoendesha na watu sitini nyuma.

Huko kwa mpangaji wangu kulikuwa kama kuna harusi. Kampuni ilikuwa inatoa toleo jipya la gemu. Walikuwa wamelingoja muda mrefu, wamewekewa matangazo yanayometameta, mvua inateleza kwenye kioo, abiria wanavuta pumzi, pesa zilizomwagwa humo zingejenga reli. "Mzee, humu njia yetu itakuwa kama kweli kabisa," alikuwa ananiambia. "Ukipita vumbi utakohoa." Aliomba ruhusa kazini siku ya kutoka.

Siku hiyo jioni nikamkuta amekaa kizingitini na tai amelegeza.

"Vipi, unakohoa?"

"Mzee, wametuibia."

Toleo jipya halikuwa jipya la kuongeza. Lilikuwa la kufuta. Ukikubali, la zamani linaondoka na modi zote zinaondoka nalo, na jipya halipokei kitu cha mchezaji. Kila kitu kitatoka kwao. Na chenyewe kibovu. Magurudumu yanazama kwenye lami. Abiria wana nyuso zinazofanana, wengine wamekaa wameangalia nyuma. Alikuwa amelikubali kwenye kompyuta yake asubuhi ileile, kwa mikono miwili, kama wenzake wote.

"La kwangu?" nikauliza.

"La kwako bado lipo, mzee. Litakuuliza. Yakitokea maandishi katikati ya kioo, usibonyeze chochote. Nipigie."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Yalitokea alasiri moja tukiwa Migoli, basi limesimama, mama wa samaki wa kwenye gemu yuko dirishani na beseni lake. Kibao cheupe kikaja katikati, maandishi ya Kizungu, na vitufe viwili, kimoja kijani kimoja kijivu. Nikakumbuka maneno ya mpangaji. Nikaweka mkono mfukoni kutafuta simu. Nayaandika haya kwa kuapa, mkono mmoja ulikuwa mfukoni tayari.

Konda wangu akagonga chuma cha kitanda. Mara mbili.

Mkono mwingine ukabonyeza kijani.

Sikuufikiri. Anayedhani niliufikiri hajawahi kufanya kazi na konda. Yeye aliona gari limesimama mno kituoni, abiria wa samaki wamemaliza, akasema twende. Mimi nikaenda. Kioo kikawa cheusi, ukatokea mstari mrefu unaojaa polepole, na nikajua.

Nikampigia mpangaji. "Zima intaneti, mzee! Chomoa hicho kidude!" Nikachomoa. Nikarudisha. Nikazima kompyuta nzima, nikawasha. Ikaniletea neno refu la Kizungu na gemu halifunguki, si la zamani wala la sasa. Jioni mpangaji akakaa nayo, uso umemwiva, akitafuta lile la zamani kila kona anayoijua. Kampuni ilikuwa imeliondoa. Halipatikani popote, na nakala za wizi zinazosambaa hazikuipokea njia yao. Saa mbili akafunga kompyuta.

"Barabara ninayo, mzee. Faili zote za Mtera ninazo kwenye diski, mpaka mbuzi. Sina dunia ya kuziweka."

"Wenzako?"

Akanionyesha kundi lao kwenye simu. Kule Iringa na Morogoro walikuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja anasema tusubiri watarekebisha. Mwingine anasema kusubiri ni ujinga, tususie. Yule ambaye sura yake hawaijui, ndiye aliyeijenga Nyang'oro yote peke yake, alikuwa ameandika neno moja tu, "basi", akajitoa kwenye kundi. Nje ya hapo kulikuwa na watu wa dunia nzima, Wabrazili, Waturuki, watu wa Indonesia, kila mmoja kafutiwa njia ya kwao, wanaitukana kampuni kwa lugha zote. Mpangaji alikuwa ananitafsiria. Matusi mengine nilimwambia asitafsiri, yanajieleza.

Nikamwambia, andika na langu. Nikamtamkia. "Mimi ni dereva mstaafu wa Dodoma, Tanzania. Nina mgonjwa ambaye anaongea akiwa kwenye barabara yenu tu, ambayo si yenu, ni yetu. Mmeichukua. Irudisheni. Sitaki kingine." Akaliweka kwa Kizungu, akalituma. Nikakaa naye kusubiri. Jibu likaja hapohapo, nikafurahi mpaka nikasimama.

"Wanasemaje?"

Alisoma mara mbili kabla ya kuniambia. "Wanashukuru kwa maoni yako. Wanasema maoni ya wachezaji ni muhimu sana kwao."

"Nani kaandika?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni mashine."

Maisha yangu yote nimejua pa kwenda. Injini ikifa, unafungua boneti. Tajiri akikudhulumu, unakwenda kukaa mlangoni kwake asubuhi mpaka aone aibu mbele ya majirani. Trafiki akikuonea unamfuata mkubwa wake. Hapa nilikuwa na hasira nzima ya mwanaume na sina mlango wa mtu wa kwenda kukaa.

Konda wangu akakaa siku kadhaa bila gari. Maneno yakaanza kupungua. "Chenji" likaondoka. Migoli ikaondoka. Binti hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa anasema, "Shikamoo baba mdogo," anatazama mikono yangu, anarudi kwenye cherehani.

Mpangaji alipofanikiwa kulifungua lile jipya kwenye kompyuta yangu, nikasema afadhali hilo kuliko hakuna. Injini ni injini. Nikalipakia kwenye bajaji.

Kweli, aliposikia muungurumo alifurahi. Mkono ukaenda kwenye chuma, akagonga, nikaondoka. Lakini tulikuwa kwenye mji wa majumba ya vioo, mvua inanyesha, barabara pana imejaa magari yasiyopiga honi. Hamna mtu anayeuza kitu. Hamna mbuzi. Konda wangu alikuwa anatazama kushoto, kulia, kushoto, kama mtu aliyelala safarini akaamka amepitishwa kituo. Akafungua mdomo kuita jina la mahali. Halikuwepo. Akaufunga. Akaufungua tena. Mimi nilikuwa naendesha na kumtazama kwa pembeni, namwambia, "Hapa ni kama Mlowa, konda. Fanya kama ni Mlowa." Upumbavu. Mlowa haina ghorofa la vioo.

Mwishowe akasema, "Dereva."

Hakuwa ameniita hivyo tangu augue. Binti alikuwa amesimama mlangoni, amesikia.

"Nipo."

"Shusha."

"Nani anashuka?"

Akajigusa kifuani. "Shusha."

Nikakanyaga breki. Basi likasimama pembeni ya barabara ile pana. Nikabonyeza kitufe cha mlango. Haukufunguka. Nikabonyeza tena. Kibao kikatokea, na baadaye mpangaji alinieleza kilichosema: mlango hufunguka kwenye vituo vilivyoidhinishwa tu. La zamani ulikuwa unafungua popote, chini ya mti wowote. Nikabonyeza kila kitufe kwenye ule usukani. Waipa zikafanya kazi. Taa zikawaka. Honi ikalia, honi ndogo ya baiskeli.

"Mlango," konda akasema. "Dereva, mlango."

"Naufungua, konda. Subiri."

"Mlango."

Nikaondoa gari kutafuta hicho kituo kilichoidhinishwa. Sikukijua. Mishale ilinipeleka mbele, nikakipita, ikanizungusha. Nyuma yangu sauti ilikuwa inapanda, haikuwa sauti ya stendi tena, ilikuwa ya abiria. Ya mtu aliyefungiwa. Alijaribu kuinuka kwa upande wake mmoja, shuka likashuka sakafuni, binti akamwahi kabla hajaanguka, akamkumbatia kwa nyuma.

"Baba mdogo, zima," akasema. "Naomba uzime. Na usije nalo tena."

Katika nyumba zote nilizoingia, hakuna mtu mwenye umri wake aliyewahi kuniambia nifanye nini. Nikazima. Kioo kikawa cheusi, jua la alasiri limefika miguuni mwa kitanda. Binti alikuwa bado amemshika, amemwekea kidevu begani, anambembeleza, "Umeshuka, baba. Umeshashuka." Naye akiangalia kile kioo cheusi alikuwa anasema mlango, mlango, kwa sauti iliyokuwa inazidi kuwa ndogo, mpaka likabaki lile neno lake moja la zamani. Binti akamwuliza, "Mimi nani, baba? Mimi nani?"

"Hapana," akasema.

Nilikuwa bado nimekaa, usukani wa plastiki magotini. Sikujua niuweke wapi.